Maua ya Shaba kwenye Ngazi ya Kati

Wenzangu wamenifanyia sherehe ya kustaafu, nami nina miaka thelathini na miwili. Walininunulia saa ya ukutani, ile anayopewa mzee aliyemaliza miaka yake kiwandani, wakaleta kuku na kinywaji cha munkoyo, na Chef Mukadi, mkuu wa kazi zote za mlimani kwetu, akatoa hotuba kuhusu "mama yetu anayekwenda kupumzisha mifupa". Ukweli ni kwamba nakwenda kufundisha kilimo hapahapa Likasi, na kazi ya mlimani nimeiacha. Watu walicheka sana. Mimi nilirudi nyumbani nikijiuliza kama ile saa ilikuwa na ujumbe ndani yake.

Lakini vijana wawili wanaochukua nafasi yangu waliniomba kitu cha maana kuliko hotuba. Walitaka niwaandikie mambo ambayo ripoti haziyasemi. Kwa hiyo hapa hamtakuta nilipandishwa daraja lini, wala nani alistahili kupandishwa akaachwa. Mtakuta udongo, maji, watu wachache, na hofu nyingi. Hofu ni zangu. Msizirithi zote, ila msizitupe zote pia.

Nianze na mlima wenyewe, ambao si mlima. Ni mabaki. Shimo la shaba na kobalti lilipochimbwa kando ya barabara ya kwenda Kakanda, mawe na udongo uliokuwa juu ya madini ulirundikwa miaka na miaka hadi ukawa na kilele. Sisi tunauita remble. Shimo lilipofungwa, kampuni ilitakiwa kuutuliza: kuukata ngazi ngazi, kuufunika kwa udongo safi, kupanda majani na miti, na kuchimba mifereji ya kupokea mvua. Kazi yetu sisi wa tathmini ni kuangalia kama mimea imeshika na kama udongo umebaki ulipowekwa. Siku tukisema kazi imefaulu, kampuni inafungasha. Walinzi wanaondoka, wanaozibua mifereji wanaondoka, na mlima unabaki na Mungu wake. Chini yake kuna nyumba za matofali mabichi na bustani za mboga za lengalenga. Kwa hiyo neno "imefaulu" si dogo. Nimelifikiria sana, pengine kuliko inavyomfaa mtu mwenye afya.

Siku ya kwanza nilifika mapema mno kwa kuogopa kwamba taxi-bus ingeharibika njiani. Haikuharibika. Nikasimama langoni muda mrefu, buti mpya zikinibana, mpaka mlinzi akanihurumia akidhani nimekuja kuomba kazi ya kufagia. Ndipo akatokea Papa Kasongo, mkuu wa tathmini, mwanamume mrefu mwenye kofia ya majani, aliyesomea udongo Lubumbashi wakati baba yangu bado anavaa kaptula ya shule.

"Weye njo ingénieur mupya?" aliuliza, kama mimi ndiye mhandisi mpya.

"Ndiyo, Papa."

"Bon. Tupande."

Tukapanda. Yeye alikwenda mbele. Mimi nilifika mahali ambapo miche ya majani ilikuwa imeota pande zote za njia, na juu ya njia yenyewe, nikashindwa kuweka mguu. Nikasimama hapo nimeinua buti moja.

"Juu ya nini unasimama kama sanamu ya Bikira Maria?" akaniuliza kutoka juu.

"Naogopa kuikanyaga, Papa."

"Majani yenye inakufa sababu ya kiatu yako, mvua ya kwanza itaibeba. Kanyaga, tuone."

Nikakanyaga. Usiku ule niliiota ile miche. Asubuhi nikaenda kuitazama na nikaikuta imesimama, ila sikupata faraja yoyote, kwa sababu nilianza kuwaza juu ya miche ambayo sikuikanyaga.

Alichonifundisha Papa Kasongo katika mwaka ule wa kwanza kinaweza kuandikwa kwenye kiganja. Kila mtu akifika mlimani anaangalia majani. "Weye angalia mayi," alisema, yaani maji. "Mayi inapitaka wapi? Ikitoka pale, inabeba nini?" Hakuanzia kileleni kamwe. Alianzia chini, kwenye mfereji wa mwisho, akachota tope, akalisugua kati ya vidole, kisha akapanda akifuata lilikotoka. Alinizuia pia kuandika chochote nilichoambiwa tu. "Ukisaini kintu chenye haukuona na macho yako, Buluo haiko mbali." Buluo, kwa msiotoka huku, ndiko kwenye gereza kubwa. Alikuwa akitania, lakini mimi nilikuwa nikipita njia ile nageuza uso.

Jina langu la mlimani nalo lilizaliwa mwaka ule. Katika kila kikao nilikuwa na swali, na kila swali lilianza na maneno yaleyale. Na kama mvua ikija kabla ya mbegu kuota? Na kama mbuzi wakiingia? Na kama ile mijiti ya kushikilia mteremko ikaoza mapema? Chef Mukadi, ambaye ni mtu wa kicheko kikubwa na suti ya kazi iliyopigwa pasi, akaniita Mama Nakama. Hata wapishi wa kantini walilijua hilo jina kabla ya lile nililobatizwa.

Sasa vifaa, kwa sababu mtavihitaji. Fremu ya mraba ya kuhesabia mimea mtaikuta stoo. Ni mabomba manne ya plastiki, na kona moja imefungwa kwa waya kwa sababu mtu aliikalia. Mnaiweka chini, mnakadiria ni sehemu gani ya ardhi imefunikwa na ni ipi iko uchi. Jaribu kubwa ni kuiweka mahali pazuri. Mguu wenyewe unaipeleka kwenye majani. Tupeni jiwe bila kutazama, muiweke jiwe lilipoangukia, hata kama limeangukia aibu.

Kisha kuna vipimo vya mmomonyoko. Ni vijiti mnavyochimbia kwenye mteremko na kuvitia alama usawa wa ardhi. Baada ya mvua mnaangalia alama imepanda juu ya udongo kiasi gani, ndipo mnajua udongo umeshuka kiasi gani. Vitabu vinataka viwe vya chuma. Mimi, mtiifu wa vitabu, niliweka vya chuma. Hapa kwetu chuma ni mali, kuna watu wanapita na mikokoteni kukinunua, na katika juma moja mtu alivuna vipimo vyangu vyote kama mihogo. Nikaweka mianzi yenye rangi nyekundu kichwani. Hiyo ilidumu hadi nilipoteremka siku moja kwenye bustani za chini na kuikuta imesimama mistari mizuri, nyanya zimeikumbatia.

Bustani ilikuwa ya Mama Julienne. Nyumba yake ndiyo ya kwanza chini ya mlima, ya karibu kabisa, na ndiyo maana nitamtaja sana. Aliishi na wajukuu wake, akiuza mboga sokoni, na Jumapili sauti yake ilisikika kanisani kwao kabla ya kipaza sauti kuwashwa.

"Mama," nilimwambia kwa upole, "hii mianzi ni yetu."

"Yenu? Iko na jina?"

"Iko na rangi nyekundu juu."

"Tomate nayo iko nyekundu. Ile mianzi ilikuya yenyewe na mvua, mwanangu."

"Mianzi haitembei, Mama."

"Na bulongo yenu? Ile haitembei? Kila mwaka inaingia mu nyumba yangu bila kupiga hodi. Minye sikukuya kuwadai."

Kwa udongo ule, wenye deni tulikuwa sisi. Nilimwachia mianzi, nikatengeneza vipimo vipya kwa vipande vya bomba la plastiki lililopasuka, ambalo hakuna mnunuzi wala nyanya inayolitaka. Vipo mpaka leo. Ila kutoka siku ile sikuweza tena kupanda mlima bila kugeuka kutazama lile bati la nyumba yake lililoshikiliwa kwa mawe.

Jambo jingine ambalo shule haikunifundisha ni majira. Wageni wakubwa huja mwezi wa tatu, mvua ikiwa imenyesha miezi mingi, na mwezi wa tatu hata tofali huota majani kwetu. Wanapiga picha, wanapongezana. Lakini mwezi wa nane watu wanachoma pori kuwinda panya, moto unapanda ngazi kwa ngazi, na mwezi wa kumi mlima uko kama kichwa kilichonyolewa, ukisubiri mvua ya kwanza ambayo haijui huruma. Mara ya kwanza moto ulipopita kwenye eneo nililolitunza mwenyewe, nililia mbele ya watu. Papa Kasongo alikuwa na furaha ya ajabu. Alitembea juu ya majivu akionyesha kwa fimbo nafasi tupu kati ya shina na shina. "Umeona? Mu mwezi wa tatu hii yote ilisema iko imefunikwa." Basi tathmini ya kweli ni ya Oktoba. Ya Machi ni ya kupendezesha macho.

Nimefika kwenye mwaka ambao ulinizeesha, wa tano.

Mvua zilikwisha vizuri. Mwezi wa tano nilipanda na Chef Mukadi pamoja na wajumbe wa tume iliyokuwa iamue kama mlima uachiliwe. Tulipozunguka kona, ngazi ya kati yote ilikuwa imechanua. Maua madogo ya buluu inayokaribia zambarau, maelfu, kutoka upande hadi upande. Lilikuwa ua la shaba. Nimekaa miaka kati ya mabaki ya migodi na sijawahi kuona kitu kizuri namna ile.

"Angalieni!" Chef Mukadi alipaza sauti na kufungua mikono. "Mulima inavaa kikwembe ya maua!"

Wajumbe wakacheka, simu zikatoka. Mmoja akasema maumbile yenyewe yametia sahihi. Wote walikuwa na furaha, na ilikuwa furaha ya kweli, si ya hila. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, bila kutoa simu.

Kwetu Katanga mtoto yeyote analijua ua hilo. Linaota mahali ambapo shaba imejaa udongoni kiasi cha kuua mimea mingine. Wachimbaji wa mkono wanalifuata kama nyuki. Sisi hatukuwa tumelipanda. Tulikuwa tumefunika mabaki yale kwa udongo safi wenye kina cha mkono mpaka kiwiko, na juu ya udongo ule ua la shaba halina kazi.

"Chef," nikasema, "na kama udongo wetu umeondoka?"

Alinitazama kwa huruma ya mzazi. "Mama Nakama. Mwaka jana ulisema acacia ya pale barabarani itaangukia camion ya mizigo. Iko wapi?"

"Bado imesimama."

"Voilà. Mwaka mbele ya pale, ulisema siafu itakula mizizi ya majani ya vetiva."

"Haikula."

"Na ile shimo yenye ulisema ni mwanzo wa korongo?"

"Ilikuwa ya panya."

Wajumbe wakacheka tena, bila ubaya. Na hapo ndipo mtu kama mimi anapokufa. Nilikuwa nimeogopa mambo mengi mno kwa muda mrefu mno, na hata mimi sikujua tena hofu ipi ilikuwa na miguu. Nilishuka nao. Nilikula nao wali. Tume ilipanga kukutana baada ya juma moja, na jina langu lilipaswa kuwa chini ya neno "imefaulu".

Kesho yake nilimfuata Papa Kasongo kwenye kitalu cha miche, alikokuwa akijaza udongo kwenye vifuko vyeusi na kumlaumu mtu asiyekuwepo kwa kuacha bomba wazi. Nilimmwagia yote: na kama maua yale, na kama udongo, na kama maji, na kama nyumba za chini. Alijaza vifuko vitatu kabla ya kunijibu.

"Binti yangu, miaka hii yote niko nasikia 'na kama'. Hakuna muntu anasimamisha kampuni juu ya 'na kama'. Kuya na 'kwa sababu'. Ukiwa nayo, nitakaa pembeni yako. Ukikosa, saini, na uende kulala."

Akanipa jembe. Kisha akachukua la kwake.

Tulichimba kwanza katikati ya maua. Udongo wetu safi ulikuwa na unene wa kidole, na chini yake mawe yenye kutu ya kijani. Tukachimba ngazi ya juu, ukawa umepungua lakini upo. Kisha tukashuka kwenye ngazi ya chini, ambako majani yalikuwa yanatufika kiunoni na ambako kila mgeni hupigwa picha. Jembe likazama, likazama tena. Udongo ulikuwa mwingi kupita ule tuliouweka, laini, umepangwa tabaka tabaka kama maji yanavyopanga. Majani yale mazuri yalikuwa yanakula chakula kilichoporomoka kutoka juu yao. Tulipofika mfereji wa mwisho, chini ya majani marefu ambayo hakuna aliyeyafunua, tulikuta umejaa zaidi ya nusu. Mvua kubwa ikija, maji yasingekuwa na pa kwenda isipokuwa kuruka ukingo. Na ukingo ule unatazama bati la Mama Julienne.

Papa Kasongo alikaa juu ya jiwe akifuta jasho. "Bon. Sasa uko nayo."

Mngedhani nilifurahi. Nilishika jembe nikaendelea kuchimba, nikitafuta kosa letu. Kuogopa bure ni jambo moja, mtu analizoea. Kuogopa kwa haki ni jambo jingine kabisa, kwa sababu halikupi nafasi ya kujicheka.

Kikaoni nilisimama. Nilisema kwamba ngazi ya kati haijafaulu, kwa sababu udongo wa kufunika umeondoka. Kwamba ngazi ya chini inadanganya, kwa sababu imepokea ulioondoka. Kwamba mlima usiachiliwe, kwa sababu mfereji umejaa na chini kuna watu. Papa Kasongo alikaa pembeni yangu kama alivyoahidi. Alifungua tu mfuko na kumwaga mezani yale mawe ya kijani yaliyokuwa chini ya maua.

Chef Mukadi aliokota moja, akaligeuza. "Ilikuwa maua muzuri," alisema, kama mtu aliyefiwa. Halafu akakasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika, maana alikuwa ameshawaahidi wakubwa wake. Alipotulia aliuliza swali moja tu: "Unataka nini mbele ya mvua?"

Tume iliahirisha uamuzi, nasi tulikuwa na kiangazi kimoja kabla ya mvua kurudi. Shida ya kiangazi ni kwamba hakuna mmea unaoshika. Vetiva ina mizizi ya kufunga kilima, lakini ukiipanda Julai inakufa, na ukiipanda mvua ikianza bado ni mtoto wakati mvua kubwa inapokuja. Kwa hiyo tulijua kwamba mvua ya kwanza ingekuta mawe tu na magunia, bila mzizi wowote wa maana. Tulizibua mfereji. Tukapanga mistari ya mawe kukata mteremko. Tukajaza magunia udongo wa kichuguu uliochanganywa na chokaa na mboji, tukayalaza kwenye ngazi ya kati, tukafunika kwa nyasi zilizokatwa. Chini kabisa tukaweka gabioni, vile vikapu vikubwa vya waya vilivyojaa mawe. Nilipima kila mstari wa mawe, nikaupima tena wafanyakazi wakienda kula.

Na maua yalikuwa yameshatangaza habari. Asubuhi moja niliwakuta vijana wawili na sururu kwenye ngazi ya kati, wameondoa magunia na kuchimba shimo la kufika kifuani.

"Ua inaonyesha, shiye tunafuata," mmoja aliniambia bila kuacha kazi.

"Hapa hakuna madini, ni mabaki tu!"

"Mabaki ya mukubwa njo chakula ya mudogo, Mama ingénieur."

Niliwaonyesha nyumba zilizo chini. Nikawaambia shimo lao litakunywa mvua na kuupasua mlima kutoka ndani. Yule mwingine alitazama chini, akamwambia mwenzake kwamba bibi wa pale humuuzia lengalenga mama yake. Wakaondoka, lakini shimo lilibaki, na sisi tukalijaza na kulishindilia siku mbili. Sikuwa na amani na shimo lile. Udongo uliojazwa haukumbuki kushikana.

Mvua ya kwanza kubwa ilikuja mwezi wa kumi na moja, saa za mchana. Wingu lilikuwa limetanda upande wa Likasi tangu asubuhi, nami nilikuwa nimeshashuka kwa Mama Julienne kumwomba aende kwa dada yake ng'ambo ya barabara. Wajukuu aliwapeleka. Mwenyewe akarudi.

"Na hii unga? Na hii kuku? Nitaziachia mulima yenu?"

"Mama, tafadhali. Siku moja tu."

"Uko naogopa?"

"Ndiyo."

"Weye uliyesoma?"

"Hasa mimi."

Alifikiria hilo, akatwaa kuku wake kwapani, akachukua mwavuli, na tukaenda kusimama pamoja kwenye kibaraza cha duka upande wa pili, tukitazama. Kisha mvua ikaanguka. Sitaielezea, mnaijua mvua yetu. Mlima ulitoweka. Tulisikia tu mngurumo, na kila mngurumo nilikuwa nauliza moyoni kama ni radi au ni udongo. Mama Julienne aliomba kwa sauti, akawa anamtajia Mungu nyumba yake kwa alama zake, bati lenye mawe, mlango wa kijani, kana kwamba Yeye angeweza kukosea nyumba. Nami, Mkatoliki wa kunong'ona, nilijikuta naitikia kwa nguvu.

Ilipopungua, maji ya kahawia yalikuwa yanapita kwenye mfereji wa mwisho, yamejaa karibu na ukingo, lakini yanapita. Papa Kasongo alikuwa ameshafika kwa baiskeli, suruali imelowa hadi mapajani. Tukapanda kutoka chini, kama siku zote.

Gabioni zilikuwa zimemeza tope hadi midomoni. Mistari ya mawe ya kati ilishikilia, isipokuwa mmoja uliopasuka na kumwaga magunia matatu. Lile shimo la wachimbaji lilikuwa limezama kama bakuli, maji yamesimama ndani, lakini ufa haukutoka upande wa chini. Nililizunguka, nikarudi, nikapiga magoti, nikaingiza mkono. Papa Kasongo alinisubiri. Kisha tukaona kitu ambacho hakuna aliyekiogopa, hata mimi: upande wa mashariki, mahali ambapo sote tulipasifu, korongo jipya lilikuwa limefunguka na kukimbilia barabarani. Huko hakuna nyumba. Nilikaa chini nikalitazama. Hofu zangu zote, na hilo lilipita katikati yake bila kuguswa.

"Hiyo ni kazi ya kesho," Papa Kasongo alisema. "Leo kuna muntu iko nakungoja chini."

Kweli, Mama Julienne alikuwa amesimama mbele ya nyumba yake, kuku bado kwapani, akitazama tope lililokomea kwenye gabioni. Ilikuwa inaelekea jioni. Wingu jingine lilikuwa linajikusanya, dogo.

"Donc?" aliniuliza. "Leo ninalala mu nyumba yangu, ao hapana?"

Nilifungua mdomo kumwambia kuhusu ule mstari uliopasuka, kuhusu shimo, kuhusu jinsi udongo uliolowa ulivyo mzito kuliko mkavu, na kwamba hakuna kipimo kinachoweza kuahidi. Papa Kasongo alikuwa anakamua kofia yake na kutazama kando kwa makusudi. Mama Julienne alimweka kuku vizuri kwapani. Hakutaka ripoti. Nikayapitisha maji yote kichwani mwangu mara moja tena, kutoka kileleni hadi mfereji, nikaona yanapopita, nikaona kwamba mfereji bado una nafasi.

"Lala, Mama," nikasema.

"Uko na hakika?"

"Nimeona mayi inapita wapi. Lala."

Alinitazama usoni, akanitazama mikono, ambayo ilikuwa imejaa tope na haikutulia.

"Bon," alisema, akamwachia kuku, akaingia kuwasha mbabula, jiko lake la makaa. "Minye nitalala. Weye njo hautalala."